Kuchagua na Kufunga Mkanda Mpya wa Feni kwenye Toyota Yenye Injini ya 1ZZ-FE

Mkanda tunaouita wa feni hauzungushi feni tena katika magari mengi madogo tunayoendesha leo, kwa kuwa feni ya rejeta huzungushwa na mota ya umeme. Jina limebaki tu tangu enzi za magari ambayo feni yake ilifungwa kwenye injini yenyewe. Katika injini ya 1ZZ-FE, ile ya sentimita za ujazo 1,794 inayopatikana kwenye Premio na Allion nyingi zilizoletwa kutoka Japani, mkanda mmoja mrefu hupokea nguvu kutoka puli ya krenki, yaani shafti kuu ya injini, na kuendesha altaneta, pampu ya maji, kompresa ya AC na, pale ambapo usukani ni wa haidroliki, pampu ya usukani. Ukikatika njiani, taa ya betri huwaka, usukani huwa mzito ghafla, na kwa kuwa pampu ya maji nayo imesimama, joto la injini hupanda ndani ya muda mfupi. Hapo ni kuegesha na kuzima. Bloku na kichwa cha silinda vya injini hii ni vya aluminiamu, na dereva anayejipa moyo kwamba atafika gereji kwa mwendo wa taratibu hujikuta amegeuza gharama ya mkanda kuwa gharama ya kupasua injini.

Jambo moja liondolewe mapema: mkanda huu si wa taimingi. Injini ya 1ZZ-FE hutumia cheni ya taimingi iliyo ndani, kwa hiyo anayekuuzia "mkanda wa taimingi" wa injini hii hajui anachouza.

Hatua ya 1: Hakikisha kwamba mkanda ndio wenye tatizo

Zima injini, fungua boneti na umulike mkanda kwa tochi, ukianza na upande wa mistari, yaani ule wenye matuta marefu yanayoingia kwenye mifereji ya puli. Mikanda ya zamani ilitengenezwa kwa mpira uliokuwa ukipasuka waziwazi ulipochoka, na mafundi wengi tulifundishwa kutafuta nyufa tu. Mikanda mingi ya sasa hutengenezwa kwa mpira wa EPDM, ambao huweza kwisha kabisa bila kuonyesha ufa hata mmoja. Unachopaswa kutazama ni kina cha mabonde yaliyo kati ya mistari. Mkanda unapolika, mabonde hayo hupanuka, mistari ya mkanda huzama hadi kwenye sakafu ya mifereji ya puli badala ya kushika kuta zake, nao huanza kuteleza ingawa kwa macho unaonekana mzima. Ukiona vilevile kingo zilizochanika nyuzi, kipande cha mstari kilichong'oka, au mgongo unaong'aa kama kioo, huna haja ya uchunguzi zaidi.

Kama kinachokusumbua ni mlio, fanya jaribio la maji. Injini ikiwa inaunguruma kwa mwendo wa kawaida bila kukanyagwa, nyunyiza maji kidogo kwenye upande wa mistari kwa chupa ya kunyunyizia, ukiwa umekunja mikono ya shati na mkono wako ukiwa mbali na puli. Mlio wa kukatikakatika, kama wa ndege, ukinyamaza kwa sekunde chache kisha ukarudi, kuna puli ambayo haikukaa mstari mmoja na wenzake. Mlio mrefu wa kupiga mluzi ukizidi baada ya maji, mkanda unateleza kwa kukosa mkazo. Katika hali ya kwanza mkanda mpya utanyamaza kwa wiki chache tu, kisha utaanza kulia kama ule uliotupwa. Kupaka sabuni ya mche, kama ilivyo desturi ya baadhi yetu, huficha dalili na kuujaza mkanda utelezi. Sishauri hata kwa dharura.

Hatua ya 2: Nunua kwa msimbo, wala si kwa jina la gari

Ukifika Gerezani pale Kariakoo au Kirinyaga Road jijini Nairobi na kuomba "mkanda wa Premio", muuzaji atalazimika kubahatisha. Premio ya kizazi cha 240, iliyotengenezwa kuanzia mwaka 2001 hadi 2007, ilitolewa na injini tatu tofauti: 1NZ-FE ya lita 1.5, 1ZZ-FE ya lita 1.8 na 1AZ-FSE ya lita 2.0. Soma kibao cha chuma kilichomo ndani ya chumba cha injini. Kikiwa na NZT240, una 1NZ-FE, ambayo mkanda wake hukazwa kwa kusogeza altaneta, na sehemu kubwa ya maelezo ya hatua ya 5 hapa chini haitakuhusu. Kikiwa na ZZT240, tuko pamoja.

Kisha soma maandishi yaliyo mgongoni mwa mkanda wa zamani. Mfano wa msimbo ni 6PK1200. Tarakimu ya kwanza ni idadi ya mistari, herufi PK hutaja umbo la mistari hiyo ambayo hupishana kwa milimita 3.56, na namba ya mwisho ni urefu kwa milimita. Kwa hesabu hiyo mkanda wa mistari 6 una upana wa milimita 21 na kitu, na wa mistari 7 unakaribia 25. Msimbo wa mfano usiuchukue kama ndio wa gari lako. Chukua ule unaousoma kwenye mkanda wako au unaotokana na namba ya chesi. Namba za Toyota zenyewe za mikanda mingi huanza na 90916, na muuzaji mwenye katalogi huweza kuigeuza namba hiyo kuwa msimbo wa PK.

Maandishi yakiwa yamefutika, usiukate mkanda na kuupima kwa futi kisha ukaamini kipimo hicho moja kwa moja. Kipimo kinachochukuliwa mgongoni huwa kirefu kwa milimita kadhaa kuliko namba ya msimbo, kwa sababu msimbo hautaji mzunguko wa nje. Hesabu mistari kwenye mkanda na mifereji kwenye puli ya krenki, kisha tumia namba ya chesi kupata urefu.

Muuzaji akikosa saizi yako, atakuambia kwamba uliopungua milimita kumi "utavutika". Hautavutika: ndani ya mpira kuna nyuzi ngumu zilizowekwa makusudi ili urefu usibadilike. Tenshona, yaani kifaa kinachokaza mkanda chenyewe, huweza kumeza tofauti ndogo, lakini inapofanya hivyo huwa inafanya kazi pembezoni mwa uwezo wake, na beringi za altaneta na pampu ya maji hubeba mzigo usio wao. Mstari mmoja pungufu ni kosa kubwa zaidi, ingawa mkanda utaingia na gari litatembea. Unapoupokea mkanda, ukunje kwa upole kati ya vidole, uangalie kama mistari ina kimo kimoja mzunguko mzima, na uukatae uliotundikwa msumarini juani hadi ukawa mkavu.

Hatua ya 3: Tayarisha gari

Egesha mahali palipo sawa, vuta breki ya mkono, na usubiri injini ipoe. Toa ufunguo na uuweke mfukoni mwako mwenyewe, kisha legeza kwa spana namba 10 terminali hasi ya betri. Mkanda uko upande wa kulia wa gari. Kazi nyingi hufanyika kutoka juu, ila ukitaka kuiona vizuri puli ya krenki, inua upande huo kwa jeki, weka stendi imara, toa gurudumu la mbele na ufungue plastiki ya kukinga matope. Mimi hutoa gurudumu kila mara. Dakika kumi hizo huniokoa na kosa nitakalolieleza katika hatua ya 7.

Hatua ya 4: Weka kumbukumbu ya njia

Piga picha ya mkanda kabla ya kuugusa, kutoka juu na kutoka upande wa gurudumu, kisha uchore njia yake kwenye karatasi. Picha peke yake husaliti, kwa kuwa mahali pagumu ndipo penye giza. Kanuni ya kujisahihisha ni hii: puli yenye mifereji hupokea upande wa mistari, na puli laini hupokea mgongo. Mchoro wako ukionyesha mgongo juu ya mifereji, umekosea.

Hatua ya 5: Legeza tenshona na utoe mkanda

Kwenye tenshona ya 1ZZ-FE kuna kichwa cha pembe sita cha namba 19. Ingiza spana ndefu ya pete, kwa kuwa spana ya mdomo huchomoka na kuumiza vidole, na uzungushe kuelekea mwendo wa saa, ukiwa umeitazama injini kutoka upande wa mikanda. Zungusha polepole. Tenshona hii ina damba inayofanana na shokomzoba ndogo, nayo haikubali kuharakishwa. Anayeivuta kwa pupa huhisi imegoma na kuongeza bomba kwenye spana, na hapo ndipo boliti hukatika. Mkazo ukishalegea, tumia mkono wa pili kuuvua mkanda kwenye puli iliyo karibu zaidi na wewe, kisha urudishe tenshona taratibu bila kuiachia irushe spana.

Hatua ya 6: Kagua puli zote kabla ya kuvika mkanda mpya

Hapa ndipo kazi nzuri hutofautiana na kazi ya kubadilisha mpira. Zungusha kila puli kwa kidole, isipokuwa ile ya krenki. Puli nzima huzunguka kimya na kwa uzito wa kadiri. Inayokwaruza, inayonguruma, au inayozunguka ovyo kwa muda mrefu bila ukinzani ina beringi iliyokauka grisi. Kisha ishike kwa vidole viwili na uitikise kushoto na kulia. Kwenye pampu ya maji, tafuta pia michirizi ya kulanti (maji ya kupozea injini) iliyokauka chini ya shafti, kwa sababu pampu inayovuja itakulazimisha kuufungua mkanda huohuo baada ya miezi michache. Kwenye tenshona, angalia kama damba imelowa mafuta, na kama mkono wake ulikuwa ukienda kwa ulaini ulipoulegeza.

Kagua oili kwa makini. Niliwahi kupokea Allion iliyokuwa imekula mikanda miwili ndani ya miezi minne, na kila mara mwenyewe aliambiwa kwamba mkanda ulikuwa feki. Mikanda haikuwa na kosa. Pete ya mpira ya tenshona ya cheni ya taimingi, ambayo katika injini hii imefungwa kwa nje na ni maarufu kwa kuvujisha, ilikuwa ikidondosha oili kidogo kidogo, na mpira ulivimba na kulainika hadi mistari ikaanza kumenyuka. Pete hiyo ni ya bei ndogo kuliko mkanda. Ziba uvujaji kwanza, kisha safisha mifereji ya puli kwa brashi ya nailoni na dawa ya kusafishia breki, na uiache ikauke kabisa.

Hatua ya 7: Vika mkanda mpya

Anza na puli ya krenki kule chini, fuata mchoro wako, na uiache ya mwisho puli iliyo rahisi kufikiwa, ikiwezekana ile laini au ile ya altaneta. Legeza tenshona kama mwanzo, telezesha mkanda mahali pake kwa mkono, na uachie polepole. Usitumie bisibisi kuulazimisha, kwani jeraha dogo kwenye nyuzi za pembeni huanza kuchanika mara injini inapozunguka.

Sasa pitisha kidole kwenye ukingo wa kila puli, mbele na nyuma. Kosa linalotokea kuliko yote ni mkanda kukaa mfereji mmoja pembeni kwenye puli ya krenki, mahali ambapo jicho halifiki kutoka juu. Gari huwaka vizuri, halimlalamikii mtu, na baada ya siku chache mstari wa pembeni huwa umenyofoka na kujisokota kwenye shafti. Ukishahakiki, zungusha krenki kwa soketi mizunguko miwili kamili, kuelekea mwendo wa saa, na uhakiki tena.

Hatua ya 8: Washa na usikilize

Ondoa spana na matambara yote, rudisha terminali ya betri, na uwashe injini kwa sekunde chache tu, kisha uzime na uangalie kama mkanda umebaki katikati ya kila puli. Ukiridhika, washa tena, uzungushe usukani hadi mwisho wa pande zote mbili, uwashe AC na taa kubwa, kwa maana mkanda unaoteleza hujificha mpaka upewe mzigo. Taa ya betri isionekane. Rudisha plastiki na gurudumu, ukaze nati kwa mtindo wa msalaba hadi nyutoni mita 103 kama una spana ya kupimia, kisha uandike msimbo wa mkanda na kilomita za gari kwa kalamu isiyofutika ndani ya boneti. Baada ya kilomita mia moja au mia mbili, fungua boneti asubuhi kabla ya kuwasha na uzikague kingo za mkanda kwa tochi. Unga mweusi ukiwa umejikusanya kando ya puli mojawapo, rudi hatua ya 6 ukianzia na puli hiyo.