Kuvua perege na kambale kwenye majani: yajue majani kwanza ndo utupe ndoano

Jamani wenzangu wa mabwawa ya Hombolo na Mtera, kila wikiendi naona mtu anatupa mshipi katikati ya majani, ndoano inanasa, anavuta kwa hasira, mshipi unakatika, anafunga mwingine, mpaka jua linachwa ana visamaki viwili tu. Shida sio chambo, shida majani yote anayaona sawa.

Matete ndo penyewe kwa perege. Mashina yaliyo ndani ya maji yanaota ule utelezi wa kijani na perege anakuja kuula. Kaa kimya ukingoni, utaona tete moja linatikisika na upepo hamna, ukitega sikio unasikia kama mtu anabusu, chwa, chwa. Hapohapo shusha nyungunyungu au kidonge cha ugali wa dona, boya dogo, chubwi (kile kizito cha kuzamisha mshipi) nyepesi, shibiri moja kutoka kwenye shina, usirushe kwa nguvu maana akishtuka kaondoka na wenzake wote.

Yungiyungi, lile ua la majini, linafaa mchana, jua la Dodoma likiwaka samaki wanajibanza kwenye kivuli cha yale majani mapana. Tafuta uwazi kati ya majani, dondosha, na ncha ya ndoano uifiche ndani ya chambo. Akinasa mnyanyue fasta, ukimchelewesha anajizungushia kwenye vikonyo basi umempoteza.

Yale yaliyozama, yaliyojaa kama nywele, alfajiri usiyaingie katikati. Usiku majani hayatoi hewa, yanaivuta, kwa hiyo kunapokucha oksijeni humo imepungua na perege wamesogea pembeni, vua ukingoni kwanza, saa tatu saa nne ndo usogee ndani. Kambale yeye habanwi, anapanda juu anavuta hewa, ndo maana unamkuta hata kwenye tope na majani yanayooza.

Sasa hili linaniuma. Mvua zikianza, Desemba hivi, maji yanafunika nyasi za pembeni na kambale wanapanda humo kutaga, maji mafupi mpaka unauona mgongo, na watu wanawamaliza kwa mapanga huku matumbo yamejaa mayai. Naomba sana, hizo siku waacheni. Perege naye dume anachimba shimo la duara kwenye maji mafupi karibu na matete, jike anataga humo halafu anayabeba mayai mdomoni, ukiyaona mashimo hayo usiyakanyage.

Halafu usiingie majini peku, konokono wa kichocho wanaishi kwenye majani hayohayo, vaa buti au vulia juu ya jiwe. Mtera kuna mamba, kwenye matete marefu usiende peke yako. Leseni kata halmashauri mapema, na kokoro, ule wavu mkubwa wa kukokota, achana nalo kabisa, ni haramu na linakokota majani, mashimo ya perege na vifaranga vyote kwa mpigo mmoja.