Kadi ya mkopo isiyo na ada ya mwaka: piga hesabu kabla ya kufuata zawadi

Kabla ya kulinganisha kadi yoyote, angalia kwanza kama bili yako hulipwa yote kila mwezi. Kama huwa unabakiza deni, hata dogo, achana na zawadi (pesa au pointi unazorudishiwa kwa kutumia kadi) utafute kadi yenye riba nafuu. Riba ya asilimia 24 kwa mwaka ni takriban asilimia 2 kwa mwezi, hivyo kwa kadi inayokurudishia asilimia 1.5 ya manunuzi, riba imeshaimeza zawadi kabla mwezi wa kwanza haujaisha. Tena, kwenye kadi nyingi, ukibakiza deni unapoteza zile siku za kukaa bila riba, na manunuzi mapya yanaanza kutozwa riba siku ileile unapoyafanya.

Kama unalipa yote, chukua taarifa za akaunti za miezi 3 iliyopita. Ondoa malipo ambayo mpokeaji hakubali kadi au huongeza tozo kwa anayelipa kwa kadi. Yaliyobaki yagawe kwenye mafungu: supamaketi, mafuta ya gari, migahawa, usafiri, bili, na mengineyo. Jumlisha kila fungu, gawanya kwa 3. Usikisie kichwani, kwa sababu unaweza kudhani unatumia zaidi kwenye migahawa kumbe pesa inaishia kwenye hilo fungu la “mengineyo”, na mgawanyo huo ndio unaoamua kadi ipi inafaa.

Sasa linganisha. Tuseme kadi A inarudisha asilimia 1.5 kwa kila kitu, na kadi B inarudisha asilimia 3 supamaketi na asilimia 1 kwingine. Katika kila 1,000 unazotumia, kwa sarafu yoyote, kama 250 zinakwenda supamaketi, A inakupa 15 na B inakupa 7.5 na 7.5, yaani 15 vilevile. Ni sare. Supamaketi ikizidi robo ya matumizi yako, B inashinda. Lakini A ingekuwa ya asilimia 2, B isingeshinda mpaka supamaketi ivuke nusu ya matumizi yote, na si nyumba nyingi zinazofika huko.

Halafu kuna ukomo wa matumizi yanayopata asilimia ya juu, na hapa ndipo matangazo yanapowaponza watu. Chukua anayetumia 400 supamaketi na 600 kwingine. Bila ukomo, B inampa 18 na A inampa 15. Masharti yakisema asilimia 3 inahesabiwa kwa 200 za kwanza tu kila mwezi, B inashuka hadi 14 na A inaipita. Kwa hiyo soma ukomo kabla ya kusoma asilimia, na uangalie kama unahesabiwa kwa mwezi, kwa robo mwaka au kwa mwaka.

Kwa kuwa hazina ada ya mwaka, unaweza kuwa nazo zote mbili: B kwa supamaketi tu, A kwa mengine. Bila ukomo, mtu huyohuyo angepata 12 na 9, jumla 21. Nyongeza hiyo ni nzuri kwa mtu makini. Kwa anayesahau tarehe za kulipa, faini moja ya kuchelewa inaweza kufuta faida ya miezi mingi, na kwake kadi moja ya kiwango kimoja inatosha. Kadi ambazo mafungu yake yenye zawadi kubwa hubadilika kila robo mwaka, na lazima ujisajili upya kila mara, ni za wanaopenda kufuatilia. Ukisahau kujisajili, unabaki na kiwango cha kawaida.

Fungu haliamuliwi na ulichonunua. Linaamuliwa na msimbo wa tarakimu nne aliopewa mfanyabiashara: 5411 ni supamaketi, 5541 kituo cha mafuta, 5812 mgahawa. Chakula cha jioni ndani ya hoteli kinaweza kusomeka kama hoteli, na duka kubwa linalouza kila kitu huenda lisihesabiwe kuwa supamaketi hata kama ulinunua mboga tupu. Dawa ni kufanya nunuzi dogo mahali unapokwenda mara nyingi, kisha kuangalia limeandikwa fungu gani.

Pointi zibadilishe kuwa asilimia kabla ya kuzishangilia. Kama pointi 10,000 zinakupa vocha ya 60, pointi moja ina thamani ya 0.006. Kadi inayotoa pointi 2 kwa kila 1 unayotumia inarudisha asilimia 1.2 tu, chini ya kadi A. Angalia pia pointi zinaisha lini na kiwango cha chini cha kuzitoa. Rejesho la pesa taslimu halina mafumbo hayo.

Kwenye masharti, “bila ada mwaka wa kwanza” haina maana ya “bila ada”, na baadhi ya kadi husamehe ada pale tu unapofikisha matumizi fulani. Kadi nyingi pia hutoza karibu asilimia 3 kwa manunuzi ya fedha za kigeni, na hiyo inazidi zawadi yote. Ukiwa nje ya nchi na mashine ikakuuliza ulipe kwa sarafu gani, chagua kulipa kwa sarafu ya hapo ulipo. Usitoe pesa taslimu kwa kadi ya mkopo: kuna ada, kwa kawaida riba inaanza papo hapo, na zawadi hakuna. Kamari na kujaza pochi za kielektroniki mara nyingi huhesabiwa vivyo hivyo.

Kadi ikifika, agiza benki ijilipe yenyewe kila mwezi, kutoka akaunti yako, deni lote lililo kwenye taarifa ya kadi. Baadhi ya fomu huja na “kiwango cha chini”, yaani malipo madogo kabisa yanayokubaliwa, kikiwa kimechaguliwa tayari, na ukikiacha hivyo deni linabaki bila wewe kujua. Bidhaa ukiirudisha dukani, zawadi yake nayo hukatwa, kwa hiyo usishangae rejesho la mwezi huo likipungua.