Usiiburute Trekta Iliyolala: Ushauri kwa Wanunuzi wa Matrekta Makuukuu Mkoani Tabora

Kila mwaka, malipo ya tumbaku yakishapokelewa, wapo wakulima wa Urambo, Kaliua na Sikonge wanaounganisha fedha zao na kununua trekta kuukuu, mara nyingi Massey Ferguson 135 ya miaka ya 1964 hadi 1975, ambayo imekaa chini ya mwembe wa mtu kwa miaka kadhaa bila kuwashwa. Siku ileile inapofika nyumbani hufungwa mnyororo, ikaburutwa na lori au trekta ya jirani, dereva akatia gia na kuachia klachi ili iwake kwa nguvu. Kosa hilo ndilo linaloua injini nyingi ninazoitwa kuziangalia, na ndilo pekee ninaloliandikia leo, kwa kuwa habari za plau, matairi na bei ya kulima ekari wenye matrekta wanazifahamu vizuri.

Injini iliyolala muda mrefu haina oili pale inapohitajika. Oili yote imeteremka kwenye sampu, yaani bakuli la oili chini ya injini, beringi za kranki (shafti inayozungushwa na pistoni) zimekauka, ringi za pistoni zimeshikana kwa kutu na kuta za silinda, na kama bomba la moshi liliachwa wazi likitazama juu, maji ya masika yaliyopita huenda yamekaa juu ya pistoni. Maji hayashindiliki kama hewa. Pistoni ikipanda na kuyakuta, kitu fulani lazima kipinde, na kinachopinda ni konrodi, mkono wa chuma unaounganisha pistoni na kranki. Stata, yaani mota ya kuwashia injini, ikikutana na kizuizi cha namna hiyo hukwama, na kukwama kwake ni onyo linalokuokoa. Lori halikwami, huendelea kuvuta mpaka chuma kikubali. Nimewahi kufungua injini iliyoburutwa hatua zisizofika mia moja, nikakuta konrodi moja imepinda na ringi za silinda mbili zimevunjika vipande, na mwenye trekta alisubiri vipuri huku mvua za Novemba zikianza na majirani wakipanda mahindi.

Basi tengeni siku tatu, na mzianze kabla ya Oktoba kwisha.

Siku ya kwanza ondoeni nozeli zote tatu, zile zinazopuliza dizeli ndani ya silinda, mkiweka alama kila moja imetoka silinda gani, kisha mimineni katika kila silinda mchanganyiko wa nusu dizeli na nusu oili safi ya injini, kiasi cha mililita 30, yaani vijiko viwili vya chakula. Ninasisitiza vijiko viwili. Nafasi inayobaki juu ya pistoni inapofika kileleni haizidi kikombe kidogo cha kahawa, na mkulima anayemimina nusu lita akidhani analainisha zaidi anajaza silinda yake kwa mkono wake mwenyewe. Funikeni matundu kwa kitambaa safi na muache kwa saa 24 kamili, si tangu asubuhi hadi jioni.

Siku ya pili, nozeli zikiwa bado nje, tieni gia ya juu kabisa na watu wawili wayumbishe magurudumu ya nyuma kwa mikono, mbele na nyuma, polepole. Chora alama ya chaki kwenye puli ya kranki, na msiridhike mpaka imezunguka mara mbili kamili, kwa sababu pistoni humaliza kazi yake yote katika mizunguko miwili. Ikigoma, rudieni vijiko viwili na msubiri siku nyingine mbili au tatu. Kuongeza watu wa kusukuma hakuna faida, na kuleta mnyororo ni kurudi kwenye kosa lenyewe.

Kisha legezeni nati ya sampu taratibu na mkinge kikombe cha kwanza katika chupa inayoonyesha ndani. Maji ni mazito kuliko oili, kwa hiyo hutangulia kutoka. Oili yenye rangi ya chai ya maziwa maana yake maji yamechanganyika nayo, na safari yenu inaishia kwa fundi wa kukagua gasketi ya silinda hedi na silinda zenyewe. Oili nyepesi inayonuka dizeli, tena iliyopita alama ya juu ya kijiti cha kupimia oili, mara nyingi hutokana na kiwambo kilichopasuka cha pampu ndogo inayovuta dizeli kutoka kwenye tangi. Badilisheni filta na mtie oili mpya ya 15W-40 mpaka alama ya juu ya kijiti; injini hii hupokea takribani lita 7, lakini mwamuzi ni kijiti.

Tangi la dizeli limwagwe lote na kusafishwa, na filta ziwe mpya. Dizeli ya zamani huganda kama gundi ndani ya pampu na inaweza kushika vali yake ikiwa wazi, na hapo injini ikiwaka hupanda kasi bila kutii kizimio, yaani kishikio cha kuvuta kinachokata dizeli ili injini izime.

Siku ya tatu, vuteni kizimio, mzungushe injini kwa stata nozeli zikiwa bado nje, sekunde 10 kisha mpumzike dakika mbili, mpaka sindano ya presha ya oili isogee. Ndipo mrudishe nozeli kwa washa (pete bapa za kuziba) mpya za shaba na kutoa upepo ulionaswa ndani ya njia ya dizeli, kwa kufuata mtiririko wa dizeli: kwanza kwenye filta, kisha skrubu za pampu, mwisho nati za mabomba ya nozeli. Wenzenu wanaoanzia kwenye nozeli hushinda wakimaliza betri bure. Msipulizie petroli wala dawa yoyote ya kuwashia kwenye njia ya hewa. Inavunja ringi na inaweza kuwaka usoni pa mtu. Mtu mmoja asimame na kipande cha ubao kinachoziba mdomo wa hewa, tayari kuufunika kasi ikipanda yenyewe, na asithubutu kutumia kiganja.

Ikiwaka, presha ikapanda ndani ya sekunde 15 na moshi mweupe ukapungua, mambo ni mazuri. Presha isipopanda, zimeni papo hapo.

Iacheni ingurume dakika 20 bila mzigo, izimwe, na kesho yake ikiwa baridi fundi apime nafasi za vali kwa fila geji, vile vibapa vyembamba vya chuma vya kupimia upenyo, milimita 0.30 kila moja. Baada ya saa 10 za kazi nyepesi, kama kuvuta tela la kuni lisilojaa, mwageni ile oili mpya pamoja na filta yake hata kama inaonekana safi, kwa kuwa imebeba kutu yote iliyolainishwa na vile vijiko viwili, na plau isifungwe kabla ya hapo.