Kuazima kitabu cha maktaba nyingine kupitia chuo chako

Juzi nimemkuta mdogo wangu mmoja, kaanza uzamili hapa Marekani, yuko mbioni kununua kitabu kwa dola 80. Nikamwambia rudisha kadi mfukoni, maktaba ya chuo chako itakuagizia kutoka jimbo jingine, mara nyingi bure.

Hatua ya 1. Pekua katalogi ya chuo. Kikiwepo, kachukue.

Hatua ya 2. Kama hakipo, kitafute WorldCat, katalogi ya mtandaoni ya maktaba nyingi duniani, na unakili namba yake ya OCLC, yaani namba ya rekodi yake humo. Wengi hukimbilia ISBN, ile namba ya kimataifa ya kitabu. Mimi naiamini zaidi hiyo ya OCLC, maana vitabu vya kabla ya miaka ya 1970 kwa kawaida havina ISBN.

Hatua ya 3, makala za majarida. Hapa nilipoteza siku nzima. Nilitaka makala ya miaka ya 1930 kutoka jarida la Kiswahili la Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Nikaandika “Kiswahili” kwenye fomu ya maktaba ya kuomba kuazima kutoka maktaba nyingine, ombi likarudi: halipatikani. Nikatuma tena, likarudi tena. Kumbe jarida lilianza mwaka 1930 kama taarifa ya Kamati ya Lugha ya Kiswahili ya Afrika Mashariki, lina jina la Kiingereza, baadaye likaitwa Swahili, ndipo likawa Kiswahili. Kwenye katalogi kila jina lina rekodi yake, na maktaba yenye juzuu za zamani huenda haina hata toleo moja lenye jina jipya. Kwa hiyo fungua rekodi, shuka chini hadi panapotajwa jina la awali, ufuate kiungo mpaka ufike mwaka wako. Omba kwa jina la mwaka huo. Juzuu, kurasa na jina la makala viandike vyote, na usinakili tanbihi ya mtu bila kuihakiki. Nimeshakuta mwaka wa juzuu hii umebandikwa namba ya juzuu ile. Ukikwama, muone mkutubi. Usione haya, mimi nilichelewa kwa kuona haya.

Hatua ya 4. Jaza fomu hiyo, tuma. Makala huja kwa PDF, kitabu utakifuata kaunta.

Hatua ya 5. Kitabu kikifika, usibandue ile karatasi ya maktaba iliyo kwenye jalada. Muda wa kukaa nacho hupangwa na maktaba yenye kitabu, siyo yenu, basi omba nyongeza kabla haujaisha. Kirudishe kaunta uliyokichukulia. Usikitume mwenyewe kwa posta.