Jinsi ya kuombea vibali AirCam uliyoiunda mwenyewe gereji, huku Marekani

Wiki iliyopita nimepata cheti cha kuruhusiwa kuruka cha AirCam yangu, ndege ndogo unayonunua vipande vyake kwenye maboksi ukaiunda mwenyewe, naandika sasa hivi wakati bado nakumbuka kila karatasi. Kwanza msiwasikilize wanaosema hiyo ni ultralaiti, yaani kindege chepesi sana, haina haja ya makaratasi. Isiyohitaji kusajiliwa kwa sheria za FAA, mamlaka ya anga ya Marekani, ni ya kiti kimoja na ikiwa tupu iwe chini ya pauni 254, AirCam ina viti viwili na injini mbili za Rotax, kwahiyo inaingia kama ndege ya majaribio iliyoundwa na mwenyewe.

Usajili unatangulia ukaguzi. Unatuma fomu 8050-1 na dola 5, hati ya mauzo ya vipande, na fomu 8050-88 ambayo ni kiapo kwamba umeiunda wewe, hiyo usiisaini nyumbani, saini mbele ya notari. Hapa ndo nilipoumia jamani. Greenkadi yangu, kadi ya ukaazi wa kudumu, ina majina matatu, muuzaji akaandika mawili, afu lile la babu ambalo ndo la ukoo akaliacha. Bahasha nzima ikarudi, kungoja hati mpya na kuanza upya kumenila karibu miezi mitatu, ndege imekamilika imekaa tu na mimi naitazama. Siku unayolipia boksi la kwanza mpe muuzaji jina kama lilivyo kwenye greenkadi, herufi kwa herufi.

Daftari la ujenzi nalo usilichukulie poa, maana unatakiwa kuthibitisha kwamba zaidi ya nusu ya kazi ni yako. Piga picha wewe mwenyewe ukiwa unagonga riveti, ziwe na tarehe, picha ya bawa peke yake haisemi nani kalifunga.

Baada ya hapo fomu 8130-6 ya kuomba cheti cha kuruka na 8130-12 ya kuthibitisha umeiunda mwenyewe, vipimo vya uzito, kibati cha utambulisho kisichoungua. Mkaguzi wa serikali ni bure ila unasubiri, wa binafsi aliyeidhinishwa ana bei yake, mi nikalipa.

Eneo la kurukia majaribio ya mwanzo chagua mbali na makazi. Ndege hii ilibuniwa ili wapiga picha wa National Geographic waruke juu ya msitu wa Ndoki kule Kongo, ambako injini ikizima hakuna pa kutua, ndo maana zipo mbili, lakini mkaguzi bado anataka watu wasiwe chini yako. Mimi nimepewa saa 40 za kuruka majaribio bila abiria.

Na uombe pia cheti cha fundi, fomu 8610-3, ukaguzi wa kila mwaka utaufanya mwenyewe. Nenda na daftari lilelile.