SOMO: Faili za GlusterFS zimegoma kujiponya, unaanzia wapi

Habari zenu wakuu. Somo hili ni la wale wanaoendesha GlusterFS (mfumo wa kuhifadhi faili kwenye seva kadhaa kwa pamoja) yenye replika, yaani faili moja ina nakala kwenye seva mbili au tatu, sasa seva moja inazima, inarudi, halafu unakuta orodha ya faili zinazosubiri kuponywa (kusawazishwa na nakala nyingine) haipungui hata kidogo. Naombeni sana, kabla hujafuta chochote ndani ya briki (folda ya seva ambamo Gluster inaweka nakala zake) soma kwanza mpaka chini, maana ukifuta nakala nzima ukabaki na mbovu hakuna komandi ya kukurudishia.

Mfano wetu voliumu (hifadhi nzima inayoundwa na briki zote) inaitwa data, na kila seva ina briki yake /bricks/b1.

Hatua ya 1: cheki mawasiliano kwanza

gluster peer status
gluster volume status data

Kwenye safu ya Online ukiona N, usihangaike na faili kwanza, shida ni briki imelala. Hakikisha diski yake imemauntiwa kweli (seva ikiwaka upya na diski haijapanda, briki inagoma kuanza), kisha piga gluster volume start data force, hii inaamsha iliyolala tu na haigusi zinazofanya kazi. Pia tazama mstari wa Self-heal Daemon (glustershd, programu ya nyuma inayoponya faili), uwe Y kwa kila seva. Faiawoli nayo iache wazi porti 24007 na zile za briki kuanzia 49152 kwenda juu, kati ya seva zote, maana glustershd ya kila seva lazima izifikie briki zote ndio iweze kuponya.

Hatua ya 2: hesabu

gluster volume heal data info

Subiri dakika kadhaa urudie. Namba zikishuka iache ifanye kazi yake, hasa kama una faili kubwa kama diski za mashine pepe. Glustershd inapitia orodha kila sekunde 600, kama huwezi kusubiri piga gluster volume heal data. Zikiwa zimesimama palepale fungua /var/log/glusterfs/glustershd.log, mara nyingi jibu liko humo.

Hatua ya 3: je, nakala zinagombana (split-brain)?

gluster volume heal data info split-brain

Faili ikitokea hapa, mtumiaji akiifungua anapata Input/output error, na haitapona yenyewe hata usubiri mwezi. Ukitaka kuona ugomvi wenyewe nenda kwenye kila briki upige getfattr -d -m . -e hex ukifuatiwa na njia ya faili. Tafuta mistari ya trusted.afr.data-client-0, client-1 na kuendelea, 0 ikiwa ni briki ya kwanza kwenye gluster volume info data. Tarakimu 8 za mwanzo ni za data, 8 za kati metadata (taarifa za faili kama mmiliki na ruhusa), 8 za mwisho ni za majina ndani ya folda. Zisipokuwa sifuri maana yake briki hii inasema mwenzangu yule amepitwa. Upande mmoja tu ukilalamika, uponyaji unajua nani wa kufuata, ila zote mbili zikilaumiana mfumo unakataa kuchagua, na mimi naona unafanya sahihi kabisa.

Hatua ya 4: wewe ndio uchague

Nakili faili kutoka briki zote mbili upeleke nje ya voliumu, zifungue, mwenye faili aseme ipi ndio yenyewe. Halafu:

gluster volume heal data split-brain source-brick srv2:/bricks/b1 /ripoti/hesabu.xlsx

Kuna latest-mtime na bigger-file pia, ila sizipendi kwa databesi, faili mpya au kubwa zaidi inaweza kuwa ndio iliyoharibika.

MASWALI YA WADAU

Swali: Mkuu mimi kwenye info sioni jina, naona gfid na namba ndefu tu, hiyo nini?
Jibu: Hicho ni kitambulisho cha faili, kaka. Ingia kwenye briki, .glusterfs, kisha folda ya herufi mbili za kwanza, kisha mbili zinazofuata, utaikuta. Kama ni faili ya kawaida tumia find /bricks/b1 -samefile na njia hiyo, itakuletea jina halisi.

Swali: Kwa nini tusipige heal full kila siku tukamaliza?
Jibu: Full inapita voliumu nzima, kwenye mamilioni ya faili seva zitalemewa. Itumie pale faili zimetoweka kwenye briki bila Gluster kujua, mfano mtu kafuta moja kwa moja kwenye diski, maana heal ya kawaida inafuata orodha tu. Piga usiku.

Swali: Nina seva mbili na ugomvi unajirudia kila umeme ukikatika, nifanyeje na bajeti ya seva ya tatu kubwa sina?
Jibu: Replika mbili ndio chanzo, dada, hakuna wa tatu wa kuamua. Tafuta hata kamashine kadogo ukafanye abita (mwamuzi), inaweka majina na metadata tu bila data yenyewe kwa hiyo haili diski. Ponya kwanza zote zilizobaki mpaka info isome 0, chukua bekapu, ndipo upige gluster volume add-brick data replica 3 arbiter 1 srv3:/bricks/abita. Na isikae kwenye umeme uleule wa zile mbili.