Namna ya Kufundisha Mvutano wa Jimbo na Jiji Kuhusu Bunduki

Mwalimu wa uraia wa Nyamagana au Ilemela, mkoani Mwanza, Tanzania, anayetaka wanafunzi wake waelewe kwa nini miji ya Marekani hugombana na majimbo yao kuhusu bunduki aanze na jambo wanalolijua, yaani sheria ndogo za halmashauri, ambazo chini ya Sura ya 288 ya sheria za Tanzania, yaani Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Miji), huhitaji idhini ya Waziri na haziwezi kupingana na sheria iliyotungwa na Bunge. Silaha nazo zina sheria yake ya kitaifa ya mwaka 2015.

Kisha awaeleze kwamba kule jiji hupata mamlaka yake kutoka kwa jimbo, na kwamba majimbo zaidi ya 40 yamepiga marufuku au kubana kanuni za bunduki za mijini. Hapa asiharakishe. Achukue mfano wa Philadelphia, ambayo ilizuia aina fulani za bunduki, lakini mwaka 1996 Mahakama ya Juu Kabisa ya Pennsylvania ikaamua kuwa suala hilo ni la bunge la jimbo. Florida imekwenda mbali zaidi: tangu 2011, sheria yake imeruhusu kiongozi wa jiji anayekiuka kwa makusudi katazo la jimbo dhidi ya kanuni za bunduki za mijini kutozwa faini ya hadi dola 5,000, adhabu ambayo mimi naiona nzito mno kwa diwani anayejibu kilio cha mtaa wake.

Mwisho agawe darasa: upande mmoja utetee usawa wa sheria kwa msafiri anayepita mji hadi mji na bunduki yake, mwingine utetee jiji linalozika vijana wake.